Saba Mara Nane

Bando la mia tano linakwisha saa nne usiku,
basi tunaharakisha.
Shaame karudi chuo, kala, mikono bado inanuka changu,
anaifuta kwenye kanzu akidhani simwoni.
"Mama, nipe simu. Leo namvusha."

Chura.
Chura wa kijani mwenye macho kama vifungo,
kakaa juu ya jani, mto uko mbele yake,
na kila jani limeandikwa namba.
Sita mara nne? Ukijua, anaruka.
Usipojua, chubwi!
na simu inacheka kicheko kibaya, kama cha mke mwenza.

Mwalimu Wahida ndiye aliyetuwekea,
siku ya mkutano wa wazazi pale skuli.
Robo saa tu kila siku, alisema, na mkae nao.
Mkae nao, akarudia,
akitutazama sisi tuliokaa nyuma.

Nami hukaa. Nina kofia pajani,
ya viua, ya watu, ina tajiri wake Unguja,
jicho moja kwa sindano, jicho moja kwa chura.
Ndivyo nilivyomgundua mwanangu.
Hahesabu! Anabahatisha.
Kidole chake chapita majani yote mbio mbio
kama kuku adonoaye mtama wa jirani,
mpaka jani moja likubali.
Nyota tatu. Simu inampigia makofi.
Mpongezi mjinga ni mbaya kuliko mwalimu mkali.

Nikaizima.
Akalia kilio cha kusikika Bopwe.
Nikamwekea kofia magotini: hesabu.
Viua sita safu hii. Safu ngapi? Nne.
Usiguse kimoja kimoja, hivyo ni vya watoto wa nasari.
Ruka.
Sita. Kumi na mbili.
Midomo yake ikaenda kimya kimya
kama anayeomba dua asiyotaka tuisikie.
Kumi na nane.
Akanitazama mimi, si kofia.
"Ishirini na nne," akasema, kwa sauti ya mtu
aliyeokota noti kwenye mfuko wa kanzu ya zamani.

Tukaiwasha. Chura akavuka sita zote,
akazama kwenye saba,
na umeme ukakatika, na bando nalo likaaga.
Tukalala.

Tukalala, nasema. Yeye alilala.
Mimi usiku wa pili nilinunua bando langu la siri.
Niliacha skuli darasa la tano,
mwaka ule mama alipopooza mkono,
tumefika saba, katikati ya saba,
mwalimu akafuta ubao
nami sikurudi kuona kilichofuata.
Miaka ishirini na mbili nimesimama kwenye jani lile.
Saba mara nane. Chubwi.
Saba mara nane. Chubwi.
Nilishusha sauti, chura akawa anazama bila kicheko,
anatoka, anajikung'uta, ananitazama
kama ambaye hana pengine pa kwenda.

Asubuhi Shaame kashika simu, kakunja uso.
"Mama, nani kacheza? Kuna nyota si zangu."
"Paka."
"Paka anajua saba mara sita?"
"Paka wa Wete ana mambo."

Alhamisi akaja Bwana Khelef, mjumbe wa tajiri.
Kofia nane, upande tu, kipaa anashona mwingine,
ujira elfu saba moja.
Akazirundika, akalamba kidole, akahesabu noti:
"Hamsini na mbili hizo, dada. Mungu akuzidishie."
Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka kupokea
kitu cha kijani kikaruka kifuani,
kikatua.
"Hamsini na sita."
Akatoa simu yake. Akabonyeza. Akabonyeza tena.
Akaongeza nne bila kuniangalia usoni.

Shaame alikuwa kizingitini, kiatu kimoja mguuni,
kingine mkononi, kinywa wazi.
"Mama," akanong'ona, "paka kajibu."

Funga kamba, nikamwambia, utachelewa.
Leo tunaanza tisa.