Kiungio

Daktari, binti mdogo, aligeuza cheti cha dawa
akachora bomba.
Yeye aliliita utumbo mwembamba.
Lakini miaka thelathini nimevuta maji
toka Bahi Sokoni hadi Chikola;
bomba nikiliona nalijua.

"Hapa ndipo walipokata," kalamu ikagusa.
"Na hapa wakaunga."
Mwaka ule wa mvua kubwa, reli iliposombwa,
utumbo ulijisokota kama kamba ya ndama.
Nilipandishwa trekta la mpunga hadi mjini,
na Dokta Mbeleje, marehemu sasa,
alipunguza futi mbili
akazizika sijui wapi.

"Na hapa, kwenye mshono, pameota kitu."
Alilitaja jina lake taratibu,
kama mtu anayetua ndoo iliyojaa.
"Hutokea kwa nadra sana, mzee."
Nadra.
Mvua ya Septemba nayo ni nadra.
Nimewahi kunyeshewa.

Mkanda uliniambia kabla yake:
tundu la tatu nimelitoboa kwa msumari.
Choo cheusi, lami tupu.
Mlenda ukishuka, unapanda.
Nikasema vidonda vya tumbo,
nikanywa maziwa.

Bomba halipasuki katikati,
katikati ni kazi ya kiwanda.
Hupasuka pale tulipoligusa sisi,
kwenye kiungio, ambako chumvi ya maji yetu
hukaa ikitafuna,
haina haraka, haina kelele.

Simlaumu Mbeleje.
Uzi wake umeshika miaka ishirini na sita.
Hesabu vilivyopita humo:
ugali wa uwele, ubwabwa wa harusi ya Sechelela,
zabibu za kwanza za Nyemo, chachu, nikazisifu,
na pombe zote alizonikataza.

Watakata tena. Wataunga tena.
"Tarehe kumi na nne," akasema.
Nikaomba kumi na tano:
kumi na nne ni zamu ya maji Chikola,
na koki yao kaidi, inaujua mkono wangu.
Akanitazama.
Akaandika kumi na nne.

Nje, Nyemo alikuwa juu ya pikipiki,
vumbi limempaka nyusi.
Nikampa spana kubwa.
"Robo mzunguko," nikamwambia,
"usikilize. Halafu robo."
Hakuuliza kwa nini leo.
Aliipima uzito,
akaihamishia mkono wa kushoto,
akawasha.