Maoni ya Mchimba Visima

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi ya tatu mlinipa fomu.
Jina: Mwakio. Kwao: Wundanyi, Taita,
ukungu unakopiga hodi kabla ya jua.
Kazi: kutafuta maji
katika nchi ambayo mvua huja kama mdeni,
usiku, mara moja, ikitazama nyuma.

Mwaka wa kwanza nilikuwa na maoni mengi.
Nilisema salamu zenu ni ndefu kuliko safari:
za asubuhi, za nyumbani, za kazi, za tangu jana,
na jana tulionana,
na usiku hakuna kilichokufa ila simu yangu.
Dukani kwa Sechelela nikasema, "Nipe mkate,"
duka zima likanitazama
kana kwamba nimepanda kitanda cha watu na viatu.
"Anaomba mkate," Sechelela akamwambia mwanawe,
akinitafsiri kutoka Kiswahili hadi Kiswahili.

Nilisema siasa yenu haina sauti.
Kwetu hata kinyozi ni mbunge:
wembe shingoni, hoja mdomoni,
mteja akipinga ananyolewa nusu.
Kinyozi wa Nkuhungu nilimuuliza atampigia nani kura.
Akaniuliza nataka spiriti au poda.
Nikamwandikia dada yangu Mkamburi:
watu hawa wamezibwa midomo kwa asali.
Mkamburi akajibu:
Na sisi tuliozibuliwa?
Umesahau duka la mjomba, Nakuru,
lilivyoungua na mizani yake?

Sikumjibu wiki mbili.

Bunge la bajeti likikaa
chumba changu cha Area C hupanda kama homa.
Bwana Mbijima huja na kofia mkononi:
"Tutaangalia namna."
Nimejifunza. Namna ni elfu hamsini.
Barabara inametameta hadi Mtumba,
taa zimewaka zikisubiri watu ambao bado wanafungasha,
na chini ya nguzo ya taa, mama ana sado ya zabibu,
anazipuliza vumbi moja moja.
Kuhusu zabibu sina maoni. Nanunua.

Halafu kile kijiji nyuma ya Chamwino.
Siku kumi na moja tulitoboa,
jiwe, jiwe, udongo mwekundu, jiwe.
Ya kumi na mbili maji yakaruka, vigelegele vikaruka navyo,
na bibi mmoja akakinga kata, akaonja.
Mimi nilikwisha jua. Bomba lilikuwa limenitemea usoni.
Kwetu ile kata ningerushiwa.
Mimi mwenyewe ningeirusha.
Bibi alimeza, akafuta kidevu, akasema:
"Ahsante, mwanangu. Umetupunguzia gharama ya chumvi."

Nimelitafuta tusi katika sentensi ile miezi saba.
Limo. Limekunjwa vizuri
kama kanga ambayo haijafuliwa.
Hakuna aliyenishtaki wilayani, hakuna aliyeandamana,
ila likizo yangu ya Krismasi sikuiona Taita:
niliitumia kule kule, na mtambo wa kuazima,
nikitoboa upande wa pili wa korongo.
Nani aliniamuru? Ndilo swali ninalolilalia.
Yale ya pili nayo yana chumvi.
Kidogo kuliko.
Bibi alisema haya yanafaa hata kwa chai,
na akanipa chai,
na nikainywa.

Kibali kinakwisha Novemba.
Kijana wa Uhamiaji, shati limenyooka kuliko maisha yangu,
aliuliza kwa mazungumzo tu, kalamu ikiwa juu ya meza:
"Miaka minne sasa. Unatuonaje?"
Nikafungua mdomo. Maoni yalikuwepo, foleni nzima,
lile la salamu, la kura, la taa za Mtumba,
kila moja likimpisha mwenzake.
"Habari za nyumbani kwanza," nikasema.
Alinipa habari za nyumbani. Mtoto ana degedege.
Tukaongea degedege mpaka mchana.

Jioni nikapita kwa Sechelela.
"Shikamoo ya kwako sijui nikupe," nikatania, "umri unafanana.
Naomba mkate, kama upo."
"Umeisha," akasema.
"Karibu sana."
Nikashukuru. Nikaondoka nimeshiba nusu.