Somo la Alhamisi, Sikonge

Mtandao tunao, ila uko juu ya kichuguu,
nyuma ya choo cha walimu.
Jumatano jioni napanda, viatu mkononi,
nainua simu kama mtu anayekinga mvua,
na Kihispania kinashuka kidogo kidogo,
asilimia nne, asilimia tisa,
bando linaishia kwenye vitenzi.

Mkaguzi aliniuliza: kwa nini lugha hiyo, mwalimu,
huku kwenye nyuki na tumbaku?
Nilitafuta jibu lenye takwimu.
Nikamwambia, wanafunzi wameipenda.
Akaandika kitu kirefu kuliko nilichosema.

Alhamisi saa tisa tunaziba madirisha kwa magunia,
shuka la bweni linakuwa ukuta,
betri ya sola inaguna,
na projekta, iliyonunuliwa kwa asali ya wazazi, mizinga sita,
inatema mwanga wenye vumbi.

Sauti ya mwanamke inasema: mesa.
Darasa zima linageuka kunitazama
kana kwamba nimewauzia maji ya kisima chao.
Meza! anasema Mihambo, aliyekaa sakafuni
kwa sababu meza hazitoshi.
Bandera, inasema sauti. Bendera! wanaitika.
Pera. Na hapo linatokea tunda la ajabu,
lina shingo kama kibuyu,
vita vikaanza: hilo si pera, mwalimu,
mapera tunayajua, yako pale nje,
mwambie huyo mama amekosea.
Nikasema maneno husafiri, na yakifika hubadili nguo.
Hawakuniamini. Nzigula alikwenda kuchuma ushahidi.

Kisha zoezi la kutamka.
Simu inasikiliza, inawaka kijani au nyekundu.
Perro, yaani mbwa.
Zamu ya Kalunde.

Hapa kuna jambo sina budi kulisema.
Kidato cha kwanza, kwenye kipindi changu cha Kiswahili,
Kalunde alisimama kusoma, akasema "lafiki yangu",
darasa likacheka, na mimi nikacheka,
si sana, kwa pua tu,
lakini aliisikia ile pua.
Tangu siku hiyo akawa anajibu kwa kichwa: ndiyo, hapana.
Kwao ulimi haukupewa herufi hiyo;
bibi yake ametimiza miaka themanini bila kuihitaji.

Pelo, akasema. Nyekundu.
Simu ikaeleza, bila haraka: umesema nywele.
Pelo. Nyekundu. Jaribu tena.
Nilinyoosha mkono nimwokoe.
Akaivuta simu kifuani, akatoka nayo,
tukabaki na tunda lenye shingo ukutani,
tukimsikia upande wa pili wa gunia:
nywele, nywele, nywele, nywele,
na sauti ya yule mama, jaribu tena,
ile ile, haikupanda, haikushuka,
haikuwa na pua.

Mara ya kumi na ngapi, sijui,
ulimi ukatetemeka kama bati la paa upepo unapoanza,
simu ikapiga kengele yake ndogo,
na mbwa wa mlinzi, asiyejua Kihispania,
akabweka.

Akarudi. Akaiweka simu mezani,
chaji asilimia mbili.
Hakunitazama. Nami nilikuwa na neno la kumwambia,
nimelibeba mwaka wa tatu sasa,
neno lisilo na ugumu wowote wa matamshi.

Nje Rozalia alikuwa akimsubiri na ndoo.
"Lozalia," akamwita, "twende,"
na Rozalia akageuka, kama siku zote,
kwa kuwa hilo ndilo jina lake.