Mzungu wa Nne

Chumba cha wanne, tunalala sita.
Matroni hajui. Au anajua, ndiyo maana
hukohoa tangu ngazini kabla ya kugonga.

Nyemo hakupata nafasi, nikambeba.
Godoro moja, futi mbili na nusu:
kichwa changu dirishani, chake mlangoni,
magaga yake ya Kibakwe
yakinikuna shavu hadi adhana.

Upepo wa Dodoma hauna kitambulisho, huingia tu,
ukalaza vumbi kwenye daftari la Takwimu,
kwenye wali, kwenye ndoo
niliyoiandika jina kwa rangi ya kucha.
Maji hutoka saa tisa usiku. Koku ndiye saa yetu:
"Amkeni, yanatoka!"
Tunashuka tukigonganisha ndoo
kama mbuzi wenye njuga.

Jana bumu la Nyemo liliingia.
Amelipia kitanda Bloku Sita, ameniachia
karanga, nusu mche wa sabuni,
na kandambili moja, ya kushoto.

Leo godoro lote langu.
Nimejibana ukutani vilevile,
magoti kifuani,
nisije nikampiga teke
la uso.