Lehemu

Baba ni fundi lehemu hapa Katuba, mwaka wa thelathini na nane sasa.
Sufuria zilizotoboka, rejeta za malori ya Likasi,
mdomo wa birika la mama Ngoie:
vyote alivishika kwa koleo, akavipasha, akaviunga.
Na leo Daktari Kapend anamwandikia kidonge
cha kupunguza lehemu.

Baba alicheka mpaka mpira wa dripu ukatikisika.
"Dokta, lehemu njo kazi yangu.
Niipunguze, watoto watakula nini?"

Neno moja, mambo mawili. Ile inaziba bati,
hii inaganda mishipani kama mafuta ya supu iliyolala.
Lakini damu ya baba tuliipima, haina ganda.
Moyo wake unagonga kama nyundo ya Jumatatu asubuhi.
Kidonge si cha moyo.
Ni cha figo.

Kwa sababu dawa ya uvimbe wa koo ina platini ndani yake,
na baba, aliyezaliwa kivulini mwa bomba refu la kiwanda,
hakushangaa hata kidogo:
kwetu ugonjwa unatoka kwenye madini,
dawa nayo itoke wapi?
Platini inaingia, inaupiga uvimbe,
kisha inatafuta mlango wa kutokea.
Mlango ni figo.
Ikipita, inaparuza kizingiti.

Nikauliza, una hakika na hiki kidonge?
Daktari akavua miwani, imemwachia vidimbwi viwili vyekundu puani.
"Panya waliopewa vyote viwili, figo zao zilistahimili.
Watu waliojaribiwa ni wachache.
Wengine kilionekana kuwafaa, wengine sikuona tofauti.
Sitakuuzia mwavuli nikauita paa.
Maji, lita tatu, hayo ndiyo paa."

Tukanunua mwavuli.
Duka la dawa la soko la Kenya, kidonge kimoja kimoja,
kwa pesa ya bukari ya jioni.
Na maji tukachemsha, tukapooza, tukapima kwa chupa ya soda,
baba akiyanywa kama mtu anayelipa deni la mwingine.

Mkojo wake niliupima mimi.
Kopo la maziwa ya unga, mistari nimechora kwa msumari,
kila mstari robo lita.
Nikaandika kwenye kalenda ya parokia, pembeni ya majina ya watakatifu:
lita mbili. Mbili na robo. Mbili.
Siku ya tano, moja.
Siku ya sita, nusu.

Sikulala. Umeme ulikatika saa nne,
nikakaa na kopo mapajani kama mtu aliyeshika mtoto asiye wake,
nikamlaani panya, nikailaani platini,
nikahesabu nani ana gari mtaani.
Ndipo nikahisi kitenge kimelowa.

Baba akaomba tochi.
Akalizungusha kopo taratibu, kidole gumba kikipapasa mshono,
kama daktari alivyompapasa shingo.
"Mwanangu," sauti yake sasa ni mchanga mtupu,
"mafigo yangu iko muzuri.
Kinachovuja ni hiki."

Kukapambazuka, akadai jiko la makaa.
Mkono ulitetemeka. Tone la kwanza lilianguka sakafuni,
likawa sarafu isiyonunua kitu.
La pili likakaa.
Akapuliza, pumzi fupi, akaketi, akafumba macho.

Ijumaa majibu ya damu yalirudi.
Kreatinini imepanda kidogo, imesimama hapo.
Daktari hakutabasamu, hakukunja uso.
Ni kidonge? Ni maji? Ni bahati ya watu wa Katuba?
"Sijui," alisema, na nikamwamini zaidi kwa hilo.

Imebaki mizunguko mitatu.
Kopo liko dirishani, lina kovu linalong'aa.
Nalijaza maji kila asubuhi kabla ya kulitumia,
nalisubiri.
Halivuji.