Kitanda Kitupu

Miezi saba nimeshona, Ghaniya,
tangu uliponinong'oneza jikoni, kahawa ikichemka ikamwagika.
Mito miwili ya sufi. Sufi ya Pemba,
aliileta mama yako mdogo Zamzam sandukuni, chini ya karafuu;
afisa wa forodha akainusa, akacheka, akampisha.
Mmoja nimeutarizi mwezi mwandamo,
wa pili kikuba cha asumini.
Na vile vizuizi laini vya kuzungushia mbao,
mtoto asije akagonga kichwa.

Leo umerudi na karatasi ya muuguzi,
yule Mmalayali mwenye miwani,
ukaondoa kila kitu.
Umeacha godoro, gumu kama sakafu ya msikiti,
na shuka moja, riali mbili na baisa mia tano, duka la hapa hapa Mabela,
imebana pembe zote nne, kidole changu hakipati pa kupenya.
"Basi?" nikakuuliza. "Hata kitambaa?"
"Hata kitambaa, mama."

Nilisusa, nakiri.
Nilitoka nje kununa, saa saba mchana, mwezi wa Juni.
Joto likanirudisha ndani
hasira bado mbichi.

Kiyoyozi kinanguruma. Nikasema: atapigwa na baridi huyu.
Hukunijibu. Ulipunguza ubaridi,
ukamvika nguo ile yenye miguu, ukapandisha zipu,
ukauchukua mkono wangu ukauweka kifuani pake:
vuguvugu, kama mkate wa kumimina uliosahauliwa mezani.
"Pumzi yake, mama," ukasema,
"ni ndogo kuliko mto."

Saa nane za usiku nimeamka.
Wewe umelala mdomo wazi, vile vile kama utotoni.
Muhannad kalala chali, mikono juu kama aliyesalimu amri,
peke yake katikati ya weupe ule,
hana jirani ila hewa.
Nimepiga magoti ubavuni pa kitanda.
Marumaru haimhurumii mtu wa miaka sitini na nane,
nikauvuta mwezi mwandamo, nikauweka chini ya magoti;
kikuba nikakiegemea mgongoni, ukutani, nilipochoka.
Sufi yangu imepata kazi.

Kifua kinapanda. Kinashuka.
Nimehesabu mpaka mia mbili na kumi,
nikapotewa,
nikaanza upya.