Mshale Uendao Kwetu

Tuta la tatu, nyuma ya darasa la sita,
lilikuwa na mchicha wa manjano.
Si manjano ya ndizi mbivu; ya macho ya mgonjwa.
Udongo wetu huku Kiuyu ni haba, jiwe ndilo jingi:
jembe likishuka mara mbili linalia ngaa,
na Mwalimu Mkuu anauliza nani kavunja mpini.

Mwaka jana nilikuwa nachoma majani.
Nasema kweli. Kila Alhamisi,
majani ya mkungu, ya mfenesi, makonyo yaliyomwagika njiani,
yote nikayatia kiberiti, uwanja ukabaki mweupe,
na mkaguzi akaandika: mazingira nadhifu.
Sikujua kuwa naunguza chakula cha mwakani,
moshi ukipanda na mbolea mfukoni.

Sasa tuna biwi.
Limekaa pembeni kama mtu aliyenuna,
linafuka mvuke asubuhi za mchoo.
Ukitia mkono ndani, joto lake kama mkate wa mofa.
"Nani katia moto?" kauliza Asaa.
Hakuna, Asaa. Ni wengi, wadogo kuliko majina yao,
wanakula, na alaye hutoa joto.
Chini yao jongoo, hana haraka na miguu yote ile;
chini ya jongoo, nyungunyungu,
anayemeza jani na kulitoa udongo
wala hakupita hata chekechea.

Mize Faki akang'oa mkunde (nilikataza)
na mizizini mna vinundu kama shanga.
Akapasua kimoja kwa ukucha.
Ndani chekundu, wekundu wa ufizi.
"Mwalimu, unaumwa?"
Hauumwi. Una wapangaji:
wanalala humo, wanalishwa sukari,
na kodi wanailipa kwa hewa,
naitrojeni ile tunayoivuta na kuitoa
sisi wengine bila kuipatia kazi.

Basi nikachora ubaoni.
Jua, jani, panzi, kinyonga, kunguru,
mavi ya kunguru (darasa likacheka),
kuvu, udongo, mzizi, na jani tena.
Duara zuri kama sinia la harusi.
Nikapangusa chaki mikononi. Nikajisikia.

Mize hakushusha mkono.
"Na mchicha tunaouuza Jumatano?
Ule anaobeba Bi Time kwa beseni,
ule niliokwenda nao kwetu, mama akautia nazi?
Mshale wake uko wapi?
Na ukishakwenda, unarudi lini?"

Nilitafuta pa kuuchora.
Duara nilikuwa nimelifunga vizuri mno.
Miaka kumi na moja, beseni kwa beseni,
tuta limetoa, limetoa,
nasi tukaliita vivu.

Jumatatu alikuja na ndoo ya rangi
iliyofunikwa kipande cha kanga.
Harufu ilitangulia. Shaame akaziba pua, wote wakaziba.
Maganda ya muhogo. Majivu ya jiko la bibi yake.
Miba ya changu: bahari nayo imepanda mpaka huku,
kwa njia ya sahani.
Na machicha ya nazi, konzi mbili, yameshachacha.
Mchicha ulikwenda, machicha yakarudi.
Akamwaga juu ya biwi, akaosha mikono,
akakaa, akafungua daftari.

Sitaki kudanganya. Tuta la tatu bado lina manjano.
Miba haiozi kwa wiki moja,
na jiwe halisomi mishale.

Lakini duara nimelitoboa.
Nimechukua chaki, nikautoa mshale nje ya ubao,
nikaupitisha ukutani, chini ya dirisha,
mpaka kwenye kizingiti cha mlango.
Mwalimu Mkuu anauliza nani kachafua ukuta.

Ule wa kurudi sikuuchora.
Unakuja wenyewe, kwa miguu,
saa moja na nusu asubuhi,
unahamisha ndoo kutoka mkono huu kwenda huu.